Mbwa Jasiri, Majirani Wenye Amani: Vidokezo 7 kwa Wafugaji wa Namuwongo

Mbwa wa Namuwongo ana shughuli nyingi kabla jua halijapanda: bodaboda zinapenya vichochoroni, watoto wanakimbilia shule, treni inapiga honi relini. Wengi wetu humfunga mnyororo mchana na kumfungulia usiku. Matokeo yake ni mbwa mwoga, na mwoga ni mwepesi wa kung'ata. Habari njema ni kwamba ujasiri hufundishika, tena kwa bei nafuu. Haya, twende kazi!

1. Mukene mfukoni

Achana na biskuti za mbwa za supamaketi. Nunua kikombe cha mukene mkavu sokoni, usio na chumvi, uuchambue mchanga na kukata kila samaki vipande viwili. Kwa mbwa, vipande kumi vidogo vina raha kuliko kimoja kikubwa. Siri ni wakati: zawadi ifike ndani ya sekunde moja au mbili. Kumfundisha kukaa, weka mukene karibu na pua yake, kisha uupeleke polepole juu, kuelekea nyuma ya kichwa. Pua inafuata mukene, makalio yanashuka yenyewe. Hapo hapo sema "Safi!" na umpe. Ukichelewa akasimama, umemlipa kwa kusimama!

2. Neno moja, nyumba nzima

Baba anaita "njoo", mama "jjangu", mpangaji wa chumba cha pili "bin". Mbwa wako Simba amsikilize nani? Kubalianeni jioni moja, muandike maneno yenu kwa chaki nyuma ya mlango. Lugha yoyote inafaa, mradi isibadilike.

3. Reli tuione kwa mbali kwanza

Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote, kwa hiyo usikiruke. Mbwa anayeogopa treni au bodaboda hazoei kwa kuburutwa hadi kando yake. Hofu inazidi tu. Anza mbali, mahali anapoisikia honi lakini bado anakula. Honi ikilia, mpe mukene. Ikinyamaza, mukene nao umekwisha. Baada ya siku chache utamwona akisikia honi na kukugeukia wewe, mkia unacheza, anasubiri chake. Hapo sogea hatua chache mbele.

Utajuaje kwamba umekaribia mno? Mtazame vizuri: mkia umeingia katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, anajilamba midomo bila kuona chakula, anapiga miayo ilhali hana usingizi. Na ishara iliyo wazi kabisa: anaukataa mukene. Usimlazimishe. Rudi nyuma, mwache apumue, na leo ishieni hapo. Njia hii hii inafaa kwa radi za Kampala, kwa spika za harusi, hata kwa mtu aliyebeba mwavuli.

4. Akija, ni sherehe

Umemwita, amechelewa, lakini amefika. Tafadhali usimgombeze! Yeye anajua tu kwamba kukujia wewe kumemletea makelele, na kesho ataamua kubaki jalalani. Mpokee kwa furaha kila mara. Jifunzieni uani akiwa kwenye kamba ndefu, kisha kichochoroni asubuhi kabla watu hawajajaa. Tena usimwite tu wakati wa kumfunga. Mwite, mpe chake, mwachie aendelee kucheza.

5. Miguu minne chini

Jirani anayetoka kuswali Kibuli hataki mate ya mbwa kwenye kanzu yake, na ana haki kabisa. Mfundishe Simba kwamba wageni husalimiwa akiwa amekaa. Akiruka, geuka pembeni usimwangalie. Miguu ikigusa chini, mtuze. Watoto nao wafundishwe kutomkimbilia anapokula au kulala.

6. Fimbo ipumzike

Mbwa anayepigwa kwa sababu ya kunguruma hujifunza kunyamaza, ila hofu inabaki pale pale. Siku moja atang'ata bila onyo. Kunguruma ni taarifa: msogeze mbali na kinachomtisha, halafu rudi kidokezo cha 3. Kule Gulu, The Comfort Dog Project huwakutanisha manusura wa vita vya waasi wa LRA na mbwa waliokuwa hawana makao, na wawili hao hupitia mafunzo pamoja kwa upole. Mbwa wale ni wa kienyeji, kama wako. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mbwa wa mtaani hafundishiki!

7. Chanjo, kisha dakika 5

Kichaa cha mbwa huua, na kwa binadamu hadi asilimia 99 ya visa hutoka kwa mbwa. Chanjo ya kwanza kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi 3 hivi, kisha hurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyopanga. Tunza kadi yake.

Lakini dirisha la ujasiri hufunguka mapema, kati ya wiki ya 3 na ya 14. Usimfungie mtoto wa mbwa ndani kusubiri chanjo zote. Mbebe mikononi hadi barabarani, aone pikipiki, asikie wauza matooke, aonje mukene, mrudi nyumbani. Dakika 5 za mazoezi asubuhi na 5 jioni zinatosha, na wakati mzuri ni kabla hajala, akiwa bado na hamu ya kufanya kazi.