Kuchagua Mashine ya Kuchomelea kwa Kazi Ndogo za Nyumbani

Mtu anayetaka kuunda vyuma vya madirisha au banda la kuku aghalabu huuliza kwanza bei ya mashine. Yafaa aulize kwanza iwapo nyaya za nyumba yake zitahimili mkondo wake.

Tuchukue mfano. Fimbo ya kuchomelea yenye kipenyo cha milimita 2.5, ambayo yatosha chuma chenye unene wa milimita 3, huhitaji ampea 60 hadi 90. Tuseme 80. Transfoma ya kawaida hutoa volti 70 hivi kabla ya tao la umeme kuwaka, nayo hulishwa kwa volti 230. Kwa kufuata uwiano wa mizunguko ya waya, mkondo unaovutwa ukutani ni 80 × 70 ÷ 230, yaani takriban ampea 24. Plagi ya pini tatu imeundwa kwa ampea 13 tu! Fyuzi itakatika, na mwenye haraka akiweka kipande cha waya mahali pake, ziada hiyo itazichemsha nyaya zilizomo ukutani, na nyumba yaweza kuungua.

Inveta hufanya kazi kwa njia nyingine. Huugeuza umeme uwe wa kwenda upande mmoja, kisha huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa kasi hiyo transfoma ndogo sana hutosha. Kwa kazi ile ile huvuta ampea 15 hivi. Hata hivyo nayo yastahili soketi yake yenye waya mnene.

Soma pia kibandiko. "30% kwa ampea 120" maana yake ni kuchomelea dakika 3 katika kila 10, kisha kupumzika. Joto la waya hufuata mraba wa mkondo. Kwa hiyo kwa ampea 80 tunapata 30 × (120 ÷ 80)², takriban 67%. Mashine hiyo yatosha nyumbani.

Kwa maoni yetu, inveta ndiyo ichaguliwe, ingawa vumbi la chuma huiharibu upesi na si kila fundi aweza kuitengeneza. Transfoma iliyoungua husukwa upya. Mashine za gesi tuziache: upepo wa uani huipeperusha gesi yenyewe.

Ama volti 70 zisidharauliwe. Ngozi iliyolowa jasho huzipitisha kwa urahisi. Glavu kavu na viatu vya mpira vinunuliwe siku ile ile ya kununua mashine.