Mali ya Umma ni Amana: Somo Kutoka Ngong na Kitengela

Somo letu la leo twalichukua mbali na bahari, huko Ngong na Kitengela katika Kaunti ya Kajiado, ambako baadhi ya vijana wetu waendao Nairobi kutafuta riziki hupanga vyumba au hununua viwanja. Huenda msomaji wa Mombasa au wa Lamu akauliza: yatuhusu nini sisi mambo ya Kajiado? Yatuhusu, kwa kuwa kaunti zote 47 za Kenya zaongozwa na sheria moja, na mtu huona wepesi kutazama hisabu ya jirani kabla ya kufungua daftari la nyumbani kwake.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliamuru kazi nyingi zishuke kutoka Nairobi, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 halmashauri za zamani, miongoni mwao ile ya Olkejuado, zikaondoka, pakawa na gavana na Bunge la Kaunti. Tangu hapo maji, zahanati na hospitali za kaunti, masoko, barabara za mitaani, shule za chekechea na uzoaji wa taka ni juu ya kaunti. Na mzigo huo umezidi kuwa mzito. Katika hisabu ya watu ya mwaka 2009 Kajiado ilikuwa na watu 687,312. Mwaka 2019 walikuwa 1,117,840. Kitengela peke yake walihesabiwa 154,436, na Ngong 102,323. Palipokuwa malisho ya Wamaasai pamesimama magorofa, na kila gorofa lataka maji na mahali pa kutupa taka.

Je, fedha za kazi hizo ni za nani? Wako wasemao, "Mimi ni mpangaji tu, sina kiwanja, silipi kodi." Hili ni kosa. Aliyenunua sabuni amelipa kodi. Aliyetia mafuta katika pikipiki amelipa. Mama auzaye sukuma wiki sokoni hutoa ushuru wake. Kodi zikusanywazo na serikali kuu hurudi kwa fungu, na Katiba yataka fungu la kaunti zote lisipungue asilimia 15 ya mapato yaliyokwisha kukaguliwa. Katika mwaka wa fedha 2021/22 kaunti zote ziligawiwa shilingi bilioni 370, na Kajiado ikapata karibu bilioni 8. Kwa masikio ni fedha nyingi mno. Lakini zigawanye kwa watu waliohesabiwa 2019, utaona ni shilingi elfu saba na kidogo kwa kila mtu, pamoja na mtoto anyonyaye. Kwa elfu saba hizo mtu huyo atakiwa apate mganga, dawa, maji na barabara mwaka mzima. Kaunti huongeza juu yake mapato yake yenyewe, kama kodi za viwanja na leseni za biashara, na misaada michache. Hata hivyo ni mali ndogo, na udogo wake ndio uzidishao ubaya wa kuifuja.

Sisi watu wa pwani twaijua habari ya wakfu. Msimamizi akichukua kodi ya nyumba ya msikiti akamwozea mwanawe, hata mtoto wa chuoni ataona kuwa amefanya khiyana. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akila mali ya kaunti, huitwa mjanja, na jamaa zake hujivunia.

Sheria imeweka mipaka. Kifungu cha 201 cha Katiba chataka fedha za umma zitumiwe kwa busara na kwa wajibu, tena kwa uwazi. Sheria ya mwaka 2012 juu ya fedha za umma yataka katika kila shilingi mia za bajeti ya kaunti zisizopungua 30 zitengwe kwa maendeleo, na kanuni za 2015 zikasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Tusidhani, hata hivyo, kuwa mshahara wote ni upotevu. Mshahara wa muuguzi wa Ngong ndiyo huduma yenyewe. Zahanati mpya isiyo na muuguzi ni kuta tu. Lililo baya ni kuandika watu wasio na kazi kwa sababu walipiga debe wakati wa uchaguzi.

Tena israfu si wizi peke yake. Iko ile ipitayo katika karatasi safi, yenye sahihi na mihuri. Tuseme kisima kimechimbwa Kitengela, fedha zimelipwa sawasawa, lakini pampu haikununuliwa; au maji yametoka yakiwa na chumvi na madini ya floridi, ambayo katika sehemu nyingi za Kajiado yanajulikana, wala hayakupimwa mapema. Hapana aliyeiba, na hapana aliyekunywa. Au tuchukue deni. Fundi amejenga soko, akakaa miaka akidai. Mara nyingine kosa si la kaunti, kwani fedha za Nairobi huchelewa. Lakini fundi huyo akiitwa tena atapandisha bei ili afidie kungoja kwake, na wenye mitaji midogo watakimbia, wabaki wale wawezao kungoja na kuhonga. Kuchelewesha malipo, basi, ni khasara ya mlipa kodi ijapokuwa haionekani katika daftari.

Mwananchi afanye nini? Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa kuwa watu hawakushirikishwa ipasavyo. Hivyo kuulizwa rai si hisani ya gavana. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Kabla ya tarehe 28 Februari kaunti hupeleka kwenye Bunge lake waraka wa mipango ya fedha, na kabla ya 30 Aprili makadirio yenyewe. Anayekwenda kulalamika mwezi wa Agosti amekuta chungu kimekwisha kuepuliwa. Na matumizi yakishapita, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti juu ya kila kaunti, wazi kwa wote. Kifungu cha 226 chasema afisa aliyeruhusu fedha zitumiwe kinyume cha sheria atalipa khasara hiyo, akiwa kazini au ameondoka.

Basi mkazi wa Ngong atakaye kujua fungu la taka au la maji la wadi yake aiandikie kaunti barua. Kwa sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari hadaiwi kueleza sababu ya kuuliza, na ajibiwe katika siku 21. Asipojibiwa, mashtaka yake hupokewa na Tume ya Haki ya Utawala. Aweke nakala ya barua, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa.