SOMO: NYAMBIZI NA ASKARI WETU WA MWAKA 1944

Hapa Rugera tuko mbali sana na bahari. Lakini vita vya baharini viliwahi kuwaua watu wa Afrika ya Mashariki waliotoka nchi kavu kama sisi.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, 1939 hadi 1945, wazee wetu wengi walichukuliwa katika jeshi la Mwingereza. Wengine walirudi, wakasimulia habari za Burma. Wengine hawakufika hata kwenye uwanja wa vita. Walikufa njiani, kwa sababu ya chombo ambacho hawakukiona. Chombo hicho ni nyambizi.

Katika somo hili tutajifunza jinsi nyambizi inavyofanya kazi. Kisha tutasoma habari za tarehe 12 Februari 1944.

1. Nyambizi ni nini?

Nyambizi ni manowari inayoweza kwenda juu ya maji na pia chini ya maji. Jina lake lina uhusiano na neno mbizi. Mtu hupiga mbizi, na nyambizi nayo hupiga mbizi.

Je, chuma kinawezaje kuzama na kuibuka tena? Fanya jaribio hili. Chukua chupa tupu ya kioo, kama ile ya bia. Ifunge vizuri, uitie katika ndoo ya maji. Itaelea, kwa sababu ndani mna hewa. Sasa ifungue, uijaze maji. Itazama.

Nyambizi ni hivyo hivyo. Ina matangi makubwa. Ikitaka kuzama, matangi hufunguliwa, maji ya bahari yakaingia. Ikitaka kuibuka, hewa iliyoshindiliwa katika mitungi hupulizwa ndani ya matangi. Hewa hiyo huyasukuma maji nje, na nyambizi hupanda juu.

2. Mashine za aina mbili

Nyambizi za wakati ule zilikuwa na mashine za aina mbili. Juu ya maji zilitumia mashine za dizeli. Lakini moto hauwaki bila hewa. Ukilifunika jiko la mkaa, moto huzimika. Kwa hiyo chini ya maji dizeli ilizimwa, zikatumika mashine za umeme wa betri.

Betri huisha nguvu. Betri zikiisha, nyambizi ililazimika kuibuka, kuwasha dizeli na kuzijaza tena betri. Mabaharia nao walihitaji hewa safi. Basi nguvu ya nyambizi ilikuwa kujificha, na udhaifu wake ulikuwa kuhitaji hewa.

Wajerumani ndio waliotumia nyambizi nyingi sana katika vita ile. Waliunda zaidi ya 1,100. Wajapani, waliokuwa upande mmoja na Wajerumani, walikuwa na zao, na baadhi zilikuwa kubwa zaidi. Tulinganishe mbili:

U-559, ya Wajerumani
Urefu: mita 67
Mwendo juu ya maji: kilomita 33 kwa saa
Mwendo chini ya maji: kilomita 14 kwa saa

I-27, ya Wajapani
Urefu: mita 109, yaani karibu sawa na uwanja wa mpira
Mwendo juu ya maji: kilomita 43 kwa saa
Mwendo chini ya maji: kilomita 15 kwa saa

Silaha kubwa ya nyambizi ni topido. Topido ni kombora lenye mashine yake lenyewe. Huenda chini ya maji mpaka ligonge meli, kisha hulipuka.

Kuanzia mwaka 1943 nyambizi za Wajerumani na za Wajapani zilitumia pamoja bandari ya Penang, katika Malaya. Kutoka huko ziliwinda meli katika Bahari ya Hindi.

3. Safari ya Khedive Ismail

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za askari uliondoka bandari ya Kilindini, Mombasa. Ulikuwa unakwenda Colombo, katika nchi ambayo sasa ni Sri Lanka. Manowari za Mwingereza ziliulinda.

Meli moja iliitwa Khedive Ismail. Ilichukua watu 1,511. Miongoni mwao walikuwamo askari na maofisa 996 wa Kikosi cha Mizinga cha 301 cha Afrika ya Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi wanawake na mabaharia.

Tarehe 12 Februari msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Wengi walikuwa ndani ya meli. Nyambizi I-27 ilikuwa inavizia chini ya maji. Ikafyatua topido, na mawili yakaipiga Khedive Ismail.

Meli ililala ubavu, ikazama. Haikuchukua zaidi ya dakika tatu. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata muda wa kupanda ngazi. Meli nyingine nne zilitawanyika na kukimbia, maana meli inayosimama hupigwa kwa urahisi.

4. Uamuzi mgumu

Manowari mbili, Petard na Paladin, zilibaki kuitafuta nyambizi. Paladin ilishusha mashua kuwaokoa watu waliokuwa wakielea. Lakini I-27 ilikuwa imejificha chini ya watu hao hao.

Manowari ilikuwa na mabomu ya kupigia nyambizi. Yalikuwa kama mapipa ya baruti. Yalitupwa baharini, yakazama, yakalipuka chini. Mlipuko wake huua pia mtu anayeogelea karibu.

Nahodha wa Petard afanye nini? Akitupa mabomu, atawaua watu wa upande wake. Akiacha, nyambizi itaokoka na kuzamisha meli nyingine zilizojaa askari.

Alitupa mabomu. Baadhi ya watu walionusurika na topido walikufa kwa mabomu hayo.

Mwishowe I-27 iliharibika, ikalazimika kuibuka. Mizinga ya manowari haikuweza kuizamisha. Paladin iliisogelea ili kuigonga, lakini ikachanika ubavuni yenyewe. Petard nayo ikafyatua topido moja baada ya jingine. La saba ndilo lililoipiga nyambizi, ikazama. Karibu mabaharia wake wote, wapatao 100, walikufa.

Katika Khedive Ismail walikufa watu 1,297. Kati yao wanawake walikuwa 77. Waliookoka ni 214 tu: wanaume 208 na wanawake 6.

5. Majina yao

Mtu aliyekufa baharini hana kaburi. Nyumbani ndugu zake hawana mahali pa kwenda kumlilia. Katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, umejengwa ukumbusho wa askari wa Afrika ya Mashariki wasio na kaburi linalojulikana. Askari wa Khedive Ismail wanakumbukwa hapo.

Lakini si wafu wote wa vita walioandikwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, maelfu na maelfu ya askari na wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikufa, na majina yao hayakuwekwa kwenye ukumbusho wowote. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilikiri kosa hilo na kuomba radhi.

Ndugu msomaji, zamani wazee wetu walingoja mtu mwingine awaandikie majina yao. Leo wewe unajua kuandika. Mzee wa ukoo wenu akisahauliwa, isiwe kwa kukosa mwandishi.

MANENO MAPYA

Manowari: meli ya vita.
Msafara: meli au watu wanaosafiri pamoja.
Kushindilia: kubana kitu kwa nguvu ili kiingie kingi.
Kuvizia: kujificha ukimngoja mtu au mnyama.
Kunusurika: kupona katika hatari.

MASWALI

1. Nyambizi hutumia nini ili kuibuka juu ya maji?
2. Kwa nini dizeli haikutumika chini ya maji?
3. Khedive Ismail ilitoka bandari gani, na ilikuwa inakwenda wapi?
4. Toa hesabu: watu 1,511 toa 1,297. Je, jibu lako linalingana na idadi ya waliookoka?

MAZUNGUMZO

Je, nahodha wa Petard alifanya sawa? Kila mwanakisomo aseme maoni yake na sababu zake. Wengine wamsikilize mpaka amalize.

KAZI YA NYUMBANI

Waulize wazee wa nyumbani kwenu kama yuko ndugu aliyekwenda vitani. Andika katika daftari jina lake, jina la baba yake, kijiji chake na alikokwenda. Kama hakurudi, andika hivyo. Lete daftari darasani, usome kwa sauti.