Kilima Kimoja, Udongo Tofauti

Mkulima wa mteremko huona mahindi ya juu yamedumaa huku ya chini yakinawiri, ilhali mbegu ni moja na mbolea ni ile ile. Lawama humwendea muuza mbegu. Mara nyingi tatizo liko kwenye udongo, na limechunguzwa kwa kina mbali na hapa, katika nyanda za nyasi za Saskatchewan, nchini Kanada.

Huko ardhi ni ya vilima vifupi na vibonde. Wataalamu hutoa bonge la udongo bila kulivuruga, hulikausha, hulimiminia gundi inayoganda, kisha hulikata na kulisugua hadi unene wa milimita 0.03. Mwanga hupenya, na hadubini huonyesha udongo jinsi ulivyokaa shambani.

Kileleni tabaka jeusi ni jembamba na chokaa iko karibu, kwa kuwa maji mengi hutiririka kabla ya kuzama. Chini ya mteremko tabaka hilo ni nene, limejaa punje za mviringo. Nyingi ni kinyesi cha viumbe wadogo wa udongoni. Kati yake mna nafasi za hewa, maji na mizizi. Mkulima anayekanyaga udongo ukiwa umelowa huvunja nafasi hizo. Bondeni, maji yanapotuama, mfinyanzi umepaka kuta za vitundu mithili ya rangi, na madoa ya kutu yanaonyesha kuwa hewa hukosekana.

Trekta limezidisha tofauti hizo. Kulima miaka mingi kumesukuma udongo wa juu kuteremka, hata vilele vingine vimebaki vyeupe kwa chokaa. Matuta ya fanya juu yanayojulikana hapa Kenya hufanya kinyume: udongo hutupwa upande wa juu.

Na wazo la kuusoma mteremko kama mnyororo mmoja lilizaliwa Afrika Mashariki. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani, Tanganyika, aliupa mpangilio huo jina la katena mwaka wa 1935, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo.

Kwa hiyo anayepeleka udongo kupimwa asichanganye wa juu na wa chini. Achimbe sehemu kadhaa za kileleni, kina cha sentimita 20, achanganye kwenye ndoo safi, kisha afanye vivyo hivyo katikati na bondeni. Apate mifuko mitatu, kila mmoja na jina lake. Aepuke palipolundikwa samadi na penye kichuguu.