Chujio la Ujumbe Taka

Tarehe 12 Aprili 1994, Laurence Canter na Martha Siegel, wanasheria wa Arizona, Marekani, walibandika tangazo moja katika mabaraza zaidi ya 5,000 ya Usenet, mtandao wa majadiliano kwa njia ya kompyuta. Walikuwa wakiwatafuta wateja miongoni mwa waombao vibali vya ukaazi kwa bahati nasibu. Wasomaji walighadhibika mno. Lakini tangazo la elfu tano halikuwagharimu wanasheria hao zaidi ya lile la kwanza, na humo ndimo uliomo mzizi wa tatizo: apelekaye ujumbe taka hutosheka na mteja mmoja kati ya maelfu.

Mojawapo ya kinga ni chujio lihesabulo uwezekano, ambalo makala ya Paul Graham ya mwaka 2002 ililieneza sana. Chujio hilo hulinganisha idadi ya mara ambazo kila neno limeonekana katika taka na katika ujumbe halali, kisha huunganisha dalili hizo zote. Yafaa lifunzwe kwa maandishi ya jumuiya yenyewe. Neno “mkopo” laweza kuwa dalili mbaya katika baraza la wafuga nyuki, ilhali katika baraza la chama cha akiba ni neno la kila siku. Chujio kali kupita kiasi humnyamazisha mwanachama mwaminifu, naye aghalabu hajui kwa nini hajibiwi. Kwa hiyo ujumbe wenye kutiliwa shaka heri uwekwe kando, usomwe na msimamizi, kuliko kufutwa na mashine.