Umeombewa, Lakini Bado Unarudi Kule Kule?

Andiko la msingi: Warumi 7:15–25, Yakobo 5:16

Leo tuguse jambo ambalo wengine wetu hulibeba kimya kimya kutoka Kangemi na Kawangware hadi kanisani hapa tauni, kisha wakarudi nalo: tamaa ya mwili iliyogeuka mnyororo. Jumapili mtu analia madhabahuni. Jumanne usiku yuko kwenye simu na picha chafu, ama yuko Koinange Street. Mshahara unaisha, ndoa inayumba.

1. Tulielewe. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo hili katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Mtu hushindwa kujizuia kwa miezi 6 au zaidi, hata akiona kazi, afya na familia vinaharibika, hata kama raha yenyewe imekwisha. Lakini kuona aibu tu kwa kuwa umeanguka hakukufanyi mgonjwa. Si kila dhambi ni ugonjwa. Na si kila ugonjwa ni pepo.

2. Tusijitetee. Paulo alikiri vita vilivyo ndani yake, lakini hakuvifanya kisingizio. Ndugu, ikiwa umetoka nje ya ndoa, mwambie mke wako ukweli, mkapimwe HIV. Nawe dada, kosa lake si lako, na usinyamazishwe kwa neno "vumilia." Ikiwa kuna mtoto aliyedhulumiwa au mtu aliyelazimishwa, hilo ni jinai. Halimalizwi ofisini kwa pasta. Nenda polisi, kwa mtoto, piga 116.

3. Tutafute msaada. Yakobo anatufundisha kuungamiana, si kusengenyana. Chagua mtu mmoja mkomavu, wa jinsia yako, anayejua kufunga mdomo. Kisha muone mtaalamu: hospitali ya Kenyatta na ya Mathari zina madaktari wa akili. Mshauri atakusaidia kujua kinachowasha moto, kama upweke, hasira au simu kitandani, na cha kufanya kabla haujawaka. Huenda chini yake kuna huzuni nzito au pombe. Hayo pia hutibiwa. Tunameza dawa ya presha na bado tunaomba, sivyo?

Swali la ushirika wa nyumbani: Mtu akiungama kwetu leo, kesho atasikia habari zake kwenye matatu?

Tuombe: Bwana, tupe ujasiri wa kusema, na midomo ya kutunza siri. Amina.