Kahawa, Redio na Risasi: Somo la Mpaka Wetu

Kila muhula mpya navuka mpaka pale Busia, napitia Tororo, naingia chuoni Mbale. Mjomba wangu, aliyekuwa akiendesha baiskeli ya boda boda hapo (jina lenyewe ni la mpaka huu wetu), husema Desemba 1987 aliiacha baiskeli upande wa Uganda akakimbia kwa miguu. Risasi zilikuwa zikilia kati ya polisi wa Kenya na askari wa Uganda, na watu wakafa.

"Redio yetu ilisema Waganda wametuvamia," husema. "Yao ikasema Kenya ndiyo iliyoanza. Na sisi wa mpakani tulizisikia zote mbili."

Ndugu msomaji, tuanze na kahawa, maana mlio wa risasi huificha. Serikali ya NRM iliyoingia Kampala Januari 1986 ilikuta kahawa ikileta zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya mauzo ya nje. Uganda haina bahari. Kahawa ilisafirishwa kwa malori hadi Mombasa, mengi yakiwa ya Kenya, na nauli yake ikalipwa kwa fedha zilezile za kigeni. Rais Museveni akaamua kahawa iende kwa reli, na nyingine ipite Tanzania kwa njia ya ziwa. Ni uamuzi wa mahesabu tu, unaweza kusema. Lakini lori lisilopakia mzigo Kampala ni hasara kwa mwenye lori Kenya, na wenye malori hawakuwa wanyonge.

Vita navyo vilikuwepo tayari. Miezi michache kabla, wapiganaji wa Alice Lakwena walipita maeneo ya Tororo wakielekea Jinja, wakashindwa huko, na baadaye mwenyewe akakimbilia Kenya. Kampala ikashuku kwamba Nairobi inawahifadhi waasi. Nairobi nayo ikashuku kwamba Uganda, kwa msaada wa Libya, inawafunza wapinzani wa Rais Moi. Ugomvi wa nauli ya kahawa ukavaa nguo za kijeshi.

Sisi wanafunzi tutazame hapa kwa makini. Novemba 1987, mwezi mmoja kabla ya Busia, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa baada ya ghasia, na kiongozi wa wanafunzi Wafula Buke akakamatwa. Alihukumiwa miaka 5 kwa kosa la kuipelelezea Libya. Jirani akishatangazwa kuwa adui, kijana mwenye malalamiko nyumbani ni rahisi kuitwa wakala wake. Mapema 1988 KANU ikateua wagombea kwa mlolongo, watu wakipanga foleni hadharani. Mfumo huo uliamuliwa kabla ya risasi za Busia, kwa hiyo sidai kwamba zilizaa mlolongo. Ninachosema ni kwamba taifa lililoambiwa limevamiwa haliko tayari kusikiliza anayeuliza maswali.

Tarehe 28 Desemba marais wawili walikutana Malaba, wakapatana. Mjomba alivuka kuifuata baiskeli yake, akaikuta haina gurudumu la nyuma.

Siku hizi redio iko mfukoni. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kundi letu la WhatsApp lilijaa ujumbe kwamba Waganda wanatulisha sumu makusudi. Mimi pia niliusambaza mmoja, Allah anisamehe, ilhali aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayotuamuru kuchunguza habari, naijua kwa moyo. Sumukuvu ni hatari ya kweli, hilo halina ubishi, hushambulia ini. Ila ukungu wake hauulizi hati ya kusafiria: umewahi kuua watu Makueni na Kitui mwaka 2004, kwa mahindi ya huko huko. Siku chache baadaye marufuku ikaondolewa, na masharti yakawekwa.

Nilipompigia mjomba jioni ile, hakuniuliza nani kasema nini. Aliuliza bei ya gunia Bungoma, kisha bei yake Tororo.